Mjue Harry Mallin: Karao wa London Aliyeng'atwa Olimpiki na Bado Akabeba Dhahabu

Kama ulidhani Mike Tyson ndiye alianzisha hii mambo ya kung'ata watu ulingoni 1997, rudi nyuma hadi Paris, 1924.

Harry Mallin alizaliwa 1892, mtu wa mashariki mwa London. Kazi yake ilikuwa ukarao, na ngumi alipiga za ridhaa tu. Hakuwahi kupigania pesa hata siku moja. Kati ya 1919 na 1923 alibeba ubingwa wa Uingereza wa uzani wa kati mara 5 mfululizo. Katikati ya hiyo, 1920, alienda Olimpiki ya Antwerp, Ubelgiji, akamchapa Georges Prud'homme wa Kanada kwa fainali. Dhahabu ya kwanza.

Sasa Paris. Robo fainali anapatana na Roger Brousse, Mfaransa, mashabiki wote ni wake. Pambano kuisha, Mallin anajaribu kumwonyesha refa alama za meno kifuani. Refa hataki stori. Majaji 2 wanampa Brousse, 1 anampa Mallin. Yaani unaibiwa mbele ya watu na ushahidi uko kwa ngozi yako!

Mallin mwenyewe hakuleta noma. Aliyekataa kunyamaza ni afisa mmoja wa Uswidi, akapeleka malalamiko rasmi. Ikabainika Manolo Gallardo wa Argentina pia alikuwa amelia kwamba Brousse alimng'ata. Kamati ikamtimua Brousse. Wafaransa waliwaka vibaya. Wakambeba jamaa yao mabegani huku analia.

Mallin akaendelea kivyake hadi fainali, akamshinda Mwingereza mwenzake, John Elliott, kwa pointi. Hakuna bondia alikuwa ametetea dhahabu ya Olimpiki kabla yake.

Alitundika glavu bila kupoteza hata pambano moja, na alikuwa amepigana zaidi ya mara 300. Hebu fikiria rekodi hiyo ingekuwaje kama yule Mswidi angeamua kukaa kimya.

Ngumi zilikuwa za familia, by the way. Mdogo wake Fred naye alibeba ubingwa wa Uingereza mara 5, uzani ule ule. Harry alisimamia timu ya Uingereza kwa Olimpiki za 1936 na 1952, na 1937 BBC ilimpa maikrofoni atangaze ndondi kwa televisheni, wakati TV yenyewe ilikuwa bado kitu kigeni. Alifariki 1969.