Kidole hakibadilishwi: ya kujua kabla hujatoa taarifa zako



Ndugu mmoja wa Griftu, kule Wajir Magharibi, aliniuliza: mtu akitaka picha ya kitambulisho changu kwa WhatsApp, kuna ubaya gani? Nilimwambia jibu liko huko huko kwao, kwani hakuna Wakenya waliolipia swali hili kama watu wa Kaskazini Mashariki.

Kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, zilifunguliwa 1991. Ukame ulipowabana, Wakenya wengi wa maeneo hayo walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Wengine walikuwa watoto, wakaandikishwa na wazazi wao. Alama zao za vidole zikaingia katika orodha ya wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, vidole viliwekwa kwenye mashine na jibu likatoka: huyu ni mkimbizi.

Asiye na kitambulisho hasajili laini, hafungui M-Pesa, hapigi kura, haajiriwi. Waliokwama hivyo ni maelfu, na shirika la Haki na Sheria la Garissa limekuwa likiwapigania. Mnamo Februari 2025 Rais Ruto alitia saini mjini Wajir kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa kitambulisho wa eneo hilo. Hatua njema, na sisi wa Pwani tunaojua adha ya msasa tunaifahamu thamani yake. Lakini kuondoa msasa ni jambo moja, na kufuta alama iliyomo ndani ya mashine ni jambo jengine.

Funzo ni hili: taarifa iliyotolewa kwa shida moja inaweza kutumiwa kwa jambo jengine kabisa, miaka mingi baadaye. Namba ya siri ikivuja utaibadilisha. Kidole na jicho huna vyengine. Mwaka 2023 watu wa Nairobi walipanga foleni kupigwa picha za macho na Worldcoin kwa malipo ya kama Sh7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Wenye njaa huko Dadaab na wenye dhiki Nairobi walikutwa na jambo lile lile: shida haikuwapa nafasi ya kuuliza.

Sheria inakupa nini

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zitatumiwa vipi, kuziona, kupinga zisitumiwe, kusahihishiwa zilizokosewa na kufutiwa za uongo. Ukidhulumiwa, wa kumpelekea mashtaka yako ni Kamishna wa Data, ambaye hutakiwa kumaliza malalamiko ndani ya siku 90. Si maneno matupu: Septemba 2023 afisi hiyo iliitoza shule moja zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kampuni ya mikopo ya simu karibu Sh3 milioni kwa kutumia vibaya majina na namba za watu.

Ya kufanya wewe mwenyewe

Uliza matatu kabla ya kutoa: nani anataka, ya nini, na itakaa kwake mpaka lini. Asiyeweza kujibu, asipewe.

Ukilazimika kutoa kopi ya kitambulisho au pasi, hasa kwa ajenti wa kazi za Arabuni, andika juu ya kopi yenyewe ni ya kazi gani na tarehe. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp.

Mwenye laini ya Safaricom apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukiona usiyoijua, nenda dukani kwao ikatwe. Wala usimsajilie mtu laini kwa jina lako, hata awe jamaa. Akitapeli, atakayetafutwa ni wewe.

PIN isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwani umeandikwa kwenye kitambulisho unachomwonyesha ajenti kila siku.

Katika WhatsApp, washa uthibitisho wa hatua mbili. Zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe ni ufunguo wa akaunti yako. Anayeziomba, hata akitumia jina la shangazi, ni mwizi.

Programu ya mkopo ikiomba kuingia kwenye orodha yako ya namba, ikatalie. Namba zile ni za mama yako, imamu wako na jirani zako, nao hawakukopa.

Na picha za watoto, tuwahurumie. Wao hawajui kukataa, kama wale wa Dadaab walioandikishwa wakiwa migongoni mwa mama zao.

Sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi. Anayetaka taarifa zako naye apige hodi, aseme alichojia, na wewe uwe na haki ya kumwambia: leo hapana.