Upimaji wa ujuzi wa kuhariri video na sauti

Upimaji wa ujuzi wa kuhariri video na sauti ni kazi ya kubaini, kwa ushahidi unaoonekana na kusikika, kama mwanafunzi anaweza kuchukua picha ghafi na sauti ghafi akazigeuza kuwa simulizi linaloeleweka. Hufanyika katika vyuo vya filamu, vyuo vya uandishi wa habari, vyuo vya ufundi stadi na shule zinazofundisha sanaa. Mtihani wa karatasi hauutoshelezi, kwa kuwa mwanafunzi anayeweza kueleza mkato ni nini huenda asijue akate wapi.

Ugumu wa upimaji huu unatokana na tabia ya uhariri wenyewe: ukifanywa vizuri, hujificha. Mtazamaji wa taarifa ya habari hajui kwamba sekunde 90 alizoziona zilitoka katika mahojiano ya dakika 40, wala kwamba mlio wa jenereta uliondolewa chini ya sauti ya mzungumzaji. Anayejua ni yule aliyeona kilichotupwa. Mpimaji anayetazama video iliyokamilika peke yake, bila kuona picha ghafi zilikotoka, hupima bahati ya mpiga picha pamoja na kazi ya mhariri, na hawezi kuzitenganisha.

Chimbuko

Mafunzo ya uhariri darasani yana umri wa takriban karne moja. Shule ya filamu ya Moscow ilifunguliwa mwaka 1919, na mmoja wa walimu wake wa mwanzo alikuwa Lev Kuleshov. Filamu mbichi ilikuwa adimu baada ya mapinduzi na vita, kwa hiyo wanafunzi wake walijifunza kwa kukata na kupanga upya filamu zilizokwisha kutengenezwa. Jaribio lake linalotajwa zaidi lilichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na kuuweka kando ya picha tofauti: bakuli la supu, jeneza, mtoto anayecheza. Mwanafunzi wake, Vsevolod Pudovkin, alisimulia baadaye kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na furaha katika uso uleule ambao haukubadilika.

Fundisho hilo liliacha alama kubwa katika upimaji. Kama maana huzaliwa pale vipande viwili vinapokutana, basi kipimo cha mhariri ni namna anavyovikutanisha, hata kama hakupiga picha hata moja.

Enzi ya filamu ya utepe, mwalimu aliweza kushika kazi ya mwanafunzi mkononi. Maungio yalionekana, na vipande vilivyokataliwa vilining'inia juu ya pipa la kitambaa kando ya meza. Mhariri aliyekata kabla ya kufikiri aliumbuka kwa wingi wa viraka. Avid Media Composer ilipoingia sokoni mwaka 1989, ikifuatiwa na Premiere ya Adobe mwaka 1991, na programu ya sauti ya Audacity mwaka 2000, viraka hivyo vilitoweka. Mwanafunzi sasa anaweza kujaribu mkato mmoja mara hamsini na asiache dalili yoyote katika video anayoikabidhi. Historia ya maamuzi yake imehamia ndani ya faili la mradi, na ndiyo maana vyuo vingi hudai faili hilo likabidhiwe pamoja na video.

Picha ghafi zilezile kwa wote

Njia inayoheshimika zaidi ya kutenganisha kazi ya mhariri na kazi ya wengine ni kuwapa watahiniwa wote malighafi ileile. American Cinema Editors, chama cha heshima cha wahariri wa filamu wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1950, kimekuwa mfano wa njia hii. Katika miaka ya 1950 chama hicho kilitengeneza filamu ya mafunzo iliyochukua tukio moja la Gunsmoke, mfululizo wa televisheni kuhusu Marekani ya magharibi, na kuonyesha lilivyokatwa na wahariri watatu tofauti. Waigizaji walikuwa walewale na maneno yalikuwa yaleyale, lakini hofu ya tukio ilipanda na kushuka kwa namna tatu. Picha ghafi za Gunsmoke zilitumika kwa miaka mingi katika vyuo vya filamu kama zoezi la kukata.

Chama hicho huendesha pia shindano la wanafunzi kwa kanuni hiyohiyo: kila mshiriki hupokea picha ghafi za tukio moja, huzihariri apendavyo, na majaji wahariri hulinganisha matoleo. Mshindi hutangazwa katika hafla ya tuzo za Eddie za chama hicho. Tuzo hiyo ya wanafunzi sasa inabeba jina la Anne V. Coates, mhariri Mwingereza aliyepata Oscar kwa kuhariri Lawrence of Arabia ya mwaka 1962.

Faida ya njia hii kwa mpimaji ni kubwa. Akizijua picha ghafi kama kiganja chake, anaona mara moja nani amepata mtazamo wa macho uliofichika mwishoni mwa jaribio la tatu, na nani amechukua jaribio la kwanza kwa sababu lilikuwa la kwanza kwenye folda.

Mtihani wa vitendo unavyotungwa

Mtihani wa kawaida wa vitendo huwa na maagizo mafupi, malighafi na muda. Mathalani, mtahiniwa hupewa mahojiano ya dakika 20 na mwenye duka la samaki, picha za ziada za soko na mnada, na saa tatu za kutoa taarifa ya dakika mbili. Maagizo hutaja anayelengwa, urefu, kasi ya fremu 25 kwa sekunde na namna ya kutoa faili la mwisho.

Mtungaji makini hutega mitego ndani ya malighafi, kila mmoja ukipima stadi moja. Kipande kimoja kimepigwa kwa mizani ya rangi isiyo sahihi, na uso umegeuka wa buluu. Katika kingine kamera imevuka mstari wa digrii 180, hivyo watu wawili wanaozungumza wanaonekana wote kutazama upande mmoja badala ya kutazamana. Sauti ya kipande cha tatu ina mvumo wa umeme. Kwa Kenya na Tanzania, ambako umeme wa gridi ni wa hezi 50, mvumo huo huketi katika hezi 50 na mafungu yake, na mwanafunzi aliyefundishwa huuondoa kwa kuchuja masafa hayo tu bila kuinyonga sauti ya msemaji. Mtego wa nne ni wa maadili: mzungumzaji anasema jambo lenye sharti, na sharti limo katika sentensi inayofuata. Anayekata kabla ya sharti amempa mtu maneno ambayo hakuyakusudia. Katika mtihani wa uandishi wa habari, kosa hilo lina uzito kuliko rangi mbaya.

Mpimaji huangalia pia mambo ambayo mtazamaji hatayaona kamwe: folda zilizopangwa, vipande vilivyopewa majina, nakala ya akiba iliyohifadhiwa mahali pengine. Chumba cha habari huishi kwa nidhamu hiyo, maana mhariri wa zamu ya usiku lazima aweze kufungua mradi wa mwenzake wa mchana.

Sauti: pale penye vipimo

Sauti ndiyo sehemu ya uhariri yenye vipimo vya wazi zaidi, ingawa ndiyo inayopuuzwa zaidi na wanaoanza. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa mwaka 2010 pendekezo la R 128, linalotaka kipindi kizima kiwe na wastani wa ukubwa wa sauti wa LUFS −23, huku vilele vikibaki chini ya desibeli −1. Kipimo hicho hufuata namna sikio la binadamu linavyohisi ukubwa wa sauti. Mwalimu anaweza kupitisha kazi ya mwanafunzi katika mita na kupata jibu ndani ya dakika chache: imefikia kiwango, imezidi, au imepasuka.

Kulandana kwa midomo na sauti nako kuna mipaka. Umoja huohuo unapendekeza sauti isitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40, wala isichelewe kwa zaidi ya milisekunde 60. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, kwa hiyo sauti inayotangulia kwa fremu mbili tayari imevuka mpaka. Ucheleweshaji huvumiliwa zaidi kwa sababu binadamu ameuzoea: anayemtazama dobi akipiga nguo kwenye jiwe ng'ambo ya mto huona pigo kwanza, kisha husikia kishindo. Kusikia kabla ya kuona hakupo katika maumbile, na ubongo hukugundua haraka.

Mita, hata hivyo, haisikii maana. Haiwezi kujua kama muziki umemfunika bibi anayesimulia msiba wake, au kama pumzi aliyovuta kabla ya kujibu ilistahili kuachwa. Hapo upimaji hurudi kwenye sikio la mtu aliyezoea, chumba kimya na vipokea sauti vizuri. Kupima mchanganyiko wa sauti kwa spika za kompyuta mpakato ni kumwonea mwanafunzi, kwani besi nyingi hazisikiki humo kabisa.

Vigezo na alama

Walter Murch, mhariri wa Marekani aliyeshinda Oscar mbili kwa filamu moja, The English Patient ya mwaka 1996, ya uhariri na ya sauti, alipendekeza mizani ya vitu sita vinavyofanya mkato uwe bora. Hisia aliipa asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho linapotazama 7, mpangilio wa picha bapa 5, na mwendelezo wa nafasi 4. Murch hakuitunga mizani hiyo kuwa jedwali la mtihani, lakini inawasuta walimu wengi, kwa sababu majedwali ya darasani mara nyingi huigeuza juu chini: kosa la mwendelezo hukatwa alama nyingi kwa kuwa ni rahisi kulionyesha kwa kidole, na hisia huachiwa alama tano za mwisho.

Mizani yoyote ile, mpimaji mwenyewe ana udhaifu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha kwamba watu wanaowapima wengine huacha sifa moja ipake rangi sifa zote. Katika uhariri hali hiyo hujitokeza pale picha za droni za machweo zinapompandishia alama mwanafunzi ambaye sauti yake inayumba.

Dawa zimependekezwa kutoka pande mbalimbali. Teresa Amabile, mwaka 1982, alieleza njia ya kupima kazi za ubunifu kwa wataalamu kadhaa wanaotoa hukumu kila mmoja peke yake, kisha hukumu hizo kulinganishwa. Njia nyingine imetokana na wazo la Louis Thurstone la mwaka 1927: mpimaji haulizwi kazi inastahili alama ngapi, huulizwa tu ipi kati ya hizi mbili ni bora. Baada ya jozi nyingi kulinganishwa na wapimaji wengi, orodha ya ubora hujitokeza. Uingereza, Richard Kimbell na wenzake wa Goldsmiths walilitumia wazo hilo kupima majalada ya kidijitali ya wanafunzi wa ubunifu na teknolojia.

Royce Sadler wa Australia aliongeza jambo linalowagusa wanafunzi wenyewe. Katika makala yake ya mwaka 1989 alisema kwamba mwanafunzi haboreki mpaka awe na picha ya ubora inayokaribiana na ile ya mwalimu wake, na aweze kulinganisha kazi yake nayo wakati bado anaifanya. Kwa sababu hiyo, vyuo vinavyofundisha vizuri huwaketisha wanafunzi kutoleana alama kwa jedwali lilelile la mwalimu, wakitazama rasimu pamoja na kusimamisha video kwenye mkato wanaobishania.

Ushahidi wa njiani

Kazi ya uhariri hupita hatua zinazojulikana: mkusanyiko wa kwanza, rasimu, toleo lililonyooshwa, kufunga picha, kisha sauti na rangi. Mpimaji anayedai nakala ya kila hatua hupata picha ya ukuaji. Anaona kama mwanafunzi alipoambiwa mwanzo unachelewa aliufupisha kweli, au alibandika muziki juu yake.

Mahojiano ya mdomo hukamilisha ushahidi huo. Mwanafunzi hufungua mradi mbele ya mpimaji na kuulizwa kwa nini alikata pale, nini alikiacha, na angefanya nini kama angepewa sekunde 30 tu. Kisha huombwa kubadilisha kitu papo hapo. Dakika kumi za namna hii hutosha kumtambua aliyefanyiwa kazi na mwingine. Husaidia pia katika miradi ya kikundi, ambako video moja hubeba majina matano.

Afrika Mashariki

Mifumo ya ufundi ya eneo hili imejengwa juu ya umahiri, yaani kile mtu anachoweza kufanya. Tanzania, mafunzo ya ufundi stadi yako chini ya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliunda baraza la TVET CDACC, ambalo huandaa mitaala na kusimamia tathmini. Chini ya mfumo wa umahiri, mtahiniwa hukusanya jalada la ushahidi na huhukumiwa kuwa amefikia umahiri au bado, na aliye bado huruhusiwa kurudi.

Hukumu hiyo ya aina mbili inafaa stadi za usalama wa faili na viwango vya sauti. Kwa mdundo na hisia haitoshi, na hapo maoni ya maandishi ya mpimaji huwa na thamani kuliko muhuri.

Wengi wanaohariri katika miji ya eneo hili hawakupitia chuo. Wamejifunza kwenye maduka ya video za harusi, ambako saa nane za shughuli lazima ziwe saa mbili zenye kila shangazi aliyetunza, na kwenye studio za bongo fleva, ambako prodyuza hurekodi, huhariri na kuchanganya sauti peke yake. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, uliowanufaisha mafundi wa fani kama uashi, useremala na upishi. Upimaji wa mhariri wa aina hii huanzia kwenye kazi alizokwisha kufanya na mahojiano ya mdomo, kisha malighafi mpya ambayo hajawahi kuiona.

Usawa wa vifaa hubaki suala la kila mtihani. Mwenye kompyuta nyumbani amefanya mazoezi usiku kucha, na mwenzake amesubiri zamu ya maabara. Mtihani wenye haki huwapa wote mashine za nguvu moja, nakala nyepesi za picha ili programu isigande, na nyongeza ya muda umeme unapokatika. Zana za akili mnemba, zinazoandika maneno ya mahojiano, kuondoa kelele na hata kupendekeza mikato, zimezua swali jipya la nini kihesabiwe kuwa cha mwanafunzi. Vyuo vinavyoziruhusu huwataka watahiniwa wataje zilipotumika, na mpimaji huelekeza maswali yake kwenye sehemu hizohizo: zana ilipendekeza nini, mhariri alikubali nini, na alikataa nini.