Mtuhumiwa Mkononi mwa Shurta: Waliyoyasema na Kuyatenda Waliotutangulia

Ni wachache mno maimamu wa misikiti yetu ambao hawajafuatwa na mzazi akieleza kuwa kijana wake amekamatwa, siku zinapita, na habari zinazotoka kituoni ni kwamba anapigwa ili aseme. Mzazi huyo huuliza: dini inasemaje? Mara nyingi jibu analopewa ni subira na dua. Subira ni njema, lakini wanavyuoni wetu wa mwanzo hawakuishia hapo. Walilizungumza jambo la askari, mtuhumiwa na kipigo kwa marefu na mapana, wakahitalifiana, na sisi tunataka kuyarejea waliyoyasema.

Neno shurta, ambalo Waarabu mpaka leo huliita jeshi la polisi, si geni katika vitabu vya hadithi. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Qays bin Saad bin Ubada alikuwa mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa daraja ya mkuu wa shurta mbele ya amiri. Anas alikuwa akifananisha tu, maana cheo chenyewe kilipata sura kamili baadaye, katika dola ya Bani Umayya. Na katika Sahihi Muslim imo ile hadithi nzito ya makundi mawili ya watu wa Motoni ambayo Mtume (S.A.W.) alisema hajayaona; mojawapo ni watu wenye mijeledi mfano wa mikia ya ng'ombe, wanaowapiga watu kwayo. Kundi la pili, la wanawake waliovaa nao wako uchi, husomwa sana mimbarini. Hili la kwanza halisomwi sana, na sababu yake haiko mbali. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) alipoisherehesha hadithi hii hakuzungukazunguka: alisema hao ni vijana wa mkuu wa shurta.

Tuanze na doria. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akizunguka Madina usiku yeye mwenyewe. Usiku mmoja akiwa na Abdurrahman bin Auf (R.A.) waliona taa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na sauti za watu zimepanda. Umar akasema hii ni nyumba ya Rabia bin Umayya na wamo ndani wanakunywa, unaonaje? Abdurrahman akajibu kuwa anaona wao wawili ndio waliofanya lililokatazwa, kwani Mwenyezi Mungu amekataza kupelelezana, akikusudia aya ya 12 ya Suratul Hujurat. Umar akaondoka, akawaacha. Khalifa mwenye amri yote, na dhana ambayo huenda ilikuwa ya kweli, alisimamishwa na aya moja aliyokumbushwa na mwenzake njiani.

Sasa tufike kwenye kipigo, na hapa ndipo kisa cha Nuuman bin Bashir (R.A.), sahaba aliyepata kuwa gavana wa Kufa na wa Himsi, kinapokuwa na uzito wake. Ameipokea Abu Daud katika Sunan yake, na Nasai pia. Watu wa kabila la Kalaa waliibiwa mali, wakawashuku wafumaji fulani, wakawapeleka kwa Nuuman. Akawaweka kizuizini siku kadhaa, kisha akawaachia. Wenye mali wakaja juu: umewaachaje bila kuwapiga wala kuwatia mtihanini? Akawaambia wachague. Wakitaka atawapiga, mali ikitoka, vyema, isipotoka, atachukua kutoka migongoni mwao hao wanaolalamika mfano wa alichochukua migongoni mwa wale. Wakashangaa: hii ni hukumu yako? Akasema ni hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wapo waliosema neno juu ya sanadi yake, lakini Abu Daud mwenyewe ameieleza maana yake: Nuuman aliwatisha tu walalamikaji kwa kauli hiyo, yaani kipigo hakina nafasi kabla ya mtu kukiri.

Tazama jinsi Nuuman alivyopima. Hakuwakatalia wenye mali haki yao ya kulalamika, wala hakuwaachia watuhumiwa siku ileile. Aliwazuia kwa muda ili jambo lichunguzwe. Alichokataa ni kipigo cha bure. Anayetaka mwenziwe apigwe kwa dhana na aweke mgongo wake rehani.

Haitakuwa uaminifu kudai kuwa wanavyuoni wote walisimama hapo. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, 1058) katika al-Ahkam as-Sultaniyya amemtofautisha amiri na kadhi: amiri, tuhuma ikiwa na nguvu, anaweza kumpiga mtuhumiwa pigo la taazir ili aseme kweli ya hali yake. Lakini hata yeye ameweka kizuizi: aliyepigwa ili akiri, kukiri kwake hakuna hukumu, na aliyepigwa ili aeleze hali yake akakiri, kipigo kikome na aulizwe upya. Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111) katika al-Mustasfa ameikataa hoja ya maslaha moja kwa moja, kwa kuwa maslaha ya mwenye kuibiwa yanapingana na maslaha ya anayepigwa, ambaye huenda hana kosa. Na kuacha kumpiga mkosaji ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiye na kosa. Sisi tunaona kauli ya al-Ghazali ndiyo yenye nguvu zaidi. Mlango ule mwembamba wa al-Mawardi umepitishwa humo mambo ambayo yeye mwenyewe asingeyaridhia.

Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 182 Hijria, 798), alikuwa amekwisha kumwandikia Khalifa Harun Rashid jambo hilihili katika Kitabul Kharaj. Humo ameinukulu kauli ya Sayyidna Umar kwamba mtu akitiwa njaa, akitishwa au akifungwa, haaminiki asijikirie la uongo. Kisha akaingia jela zenyewe. Mfungwa fukara apewe dirham 10 kwa mwezi kutoka Baitul Mali, na apewe fedha mkononi, si mkate, kwa kuwa mkate utaliwa na wasimamizi wa jela. Asimamie kazi hiyo mtu mwema mwenye kuyaandika majina yao. Wapewe nguo za kipupwe na za kiangazi. Wasitolewe na minyororo yao kwenda kuombaomba. Anayefia jela bila jamaa aoshwe, akafiniwe na kuzikwa kwa mali ya umma. Na magavana wapitie kesi za mahabusu kila siku, asiye na kesi aachiliwe. Huyu ni kadhi mkuu wa dola anayejua kabisa mkate wa mfungwa unaishia wapi.

Ama kuwahesabu wenye mamlaka, Abu Daud amepokea hotuba ya Sayyidna Umar aliyotangaza kuwa hakuwatuma magavana wapige miili ya watu wala wachukue mali zao, na aliyefanyiwa hivyo amletee shauri. Amr bin al-As (R.A.) akauliza: hata mtu akiwatia adabu raia wake utamlipiza kisasi? Umar akasema ndiyo, na vipi asifanye hivyo naye amemwona Mtume (S.A.W.) akijitoa mwenyewe alipizwe. Watu wa Kufa walipomshitaki gavana wao Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, Umar alimwondoa kazini kwanza, kisha akatuma wachunguzi waliouliza habari zake msikiti kwa msikiti. Wote walimsifu, isipokuwa mtu mmoja katika msikiti wa Bani Abs. Baadaye Umar alisema wazi kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala hiyana. Raia walisikilizwa, na jina la Saad likasafishwa. Mambo yote mawili.

Wapo wanaosema kuwa ukali ndio huleta amani. Yahya al-Ghassani alipofika Mosul akiwa gavana wa Umar bin Abdulaziz (aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria) aliukuta mji umejaa wizi, akauliza awachukue watu kwa dhana au kwa ushahidi. Akajibiwa: kwa ushahidi, kwani wasiotengenezwa na haki, Mwenyezi Mungu asiwatengeneze. Yahya anasimulia kuwa alipoondoka, Mosul ilikuwa miongoni mwa miji yenye wizi mchache kabisa.

Sheria za nchi zetu leo haziko mbali na hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na inakataza kumlazimisha kukiri, na mwaka 2011 Kenya iliunda mamlaka huru ya kusimamia polisi. Tanzania nayo iliunda mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai mwaka huohuo. Imamu anayefuatwa na mzazi anaweza, pamoja na dua, kumwelekeza kwenye haki hizi, na anaweza kwenda naye kituoni.

Hisham bin Hakim (R.A.) alifanya mfano wa hilo. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa alipita Sham akawakuta wakulima wa Kinabati, wasio Waislamu, wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi. Akasema amemsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowaadhibu watu duniani. Hakuishia kuyasema hayo barabarani. Aliingia kwa gavana wa Palestina wakati huo, Umair bin Saad, akamsimulia hadithi hiyo. Umair akatoa amri, na wale watu wakaachiliwa.