Hiki, Hicho, Kile: Sarufi ya Kijapani na Nafasi ya Msikilizaji

Anayeanza kujifunza Kijapani hukutana mapema na maneno manne: kore, sore, are na dore. Mswahili hana sababu ya kuyaogopa, kwani anayo tayari: hiki, hicho, kile na kipi. Tangu nistaafu ualimu na kuanza kujifunza lugha hiyo hapa Mbezi Beach, hakuna somo lililonirudisha kwenye sarufi yetu kama hili.

Kijapani hakina ngeli. Kore hutosha kwa kitabu, kwa mti na kwa maji, ilhali sisi tuna hiki, huu na haya. Kwa upande mwingine, Wajapani hutenga kiwakilishi na kivumishi: kore husimama peke yake, bali kitabu hiki ni kono hon. Katika mahali wana koko, soko (si lile la Kariakoo) na asoko. Hapo Kiswahili kimewazidi, kwa kuwa hutofautisha hapa, huku na humu.

Ugumu uko katika neno la kati. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka London mwaka 1870, alivipanga vionyeshi vyetu mafungu matatu: cha karibu, cha kitu kilichokwisha kutajwa, na cha mbali. E. O. Ashton, mwaka 1944, aliikazia ile -o ya hicho na huyo kuwa alama ya kurejelea. Madarasani mara nyingi tumeyasikia mambo hayo yakifupishwa kuwa karibu, mbali kidogo, mbali sana, kana kwamba mzungumzaji ameshika futi ya kupimia.

Nchini Japani, Sakuma Kanae, ambaye alikuwa mwanasaikolojia, alilitazama jambo hili kwa jicho jingine mwaka 1936. Alisema kwamba ko- ni eneo la msemaji, so- ni eneo la msikilizaji, na a- ni nje ya maeneo ya wote wawili. Kilichopimwa hapo ni mgawanyo wa milki kati ya watu wanaozungumza. Hatua hazihesabiwi.

Tuijaribu kauli hiyo kwa Kiswahili. Nikimpigia simu ndugu yangu aliyeko Temeke, namwuliza, "Huko mvua imenyesha?" Nikikata simu na kumgeukia jirani, nasema, "Kule Temeke imenyesha." Temeke haikusogea hata hatua moja. Aliyebadilika ni msikilizaji. Mjapani naye, akiwa kwenye simu, angeuliza kwa sochira, neno la fungu lile lile la so-.

Hata neno la mbali lina siri yake. Abiria wa daladala husema, "Nishushe pale Tangi Bovu," kwa sababu yeye na kondakta wote wanapajua. Wajapani nao hutumia are na ano kwa kitu ambacho wazungumzaji wawili wanakikumbuka pamoja. Yule mzee, kwa hiyo, ni mzee tunayemfahamu sote, hata kama kwa sasa ameketi nyumba ya pili.

Sidai kwamba Steere alikosea. Hicho hurejelea kweli lililotajwa, na sore vilevile. Lakini kutaja ni kumkabidhi mwenzako jambo: nikishalisema, limekwisha kuwa mikononi mwake pia. Ndivyo kurejelea na kumwelekea msikilizaji vinavyokutana katika -o moja.

Washairi wana hisa kubwa katika hili. Katika malumbano, "maneno haya" ni yangu ninayoyatetea, "maneno hayo" nakurudishia wewe uliyeyatoa, na "maneno yale" tunayakumbuka wote tangu ugomvi ulipoanza. Silabi hazipungui wala haziongezeki, kila kimoja ni mizani mbili, ila maana inahama kutoka mtu hadi mtu. Anayechukua chochote kinachojaza kipande hupoteza silaha aliyorithi bure. Siku hizi naona hiyo na hayo vikitapakaa katika tungo pasipo mtu anayeelekezewa. Kabla ya kuandika hayo, mtunzi na ajiulize: nani aliyeko upande wa pili, na nimemkabidhi nini?