Ngozi, chakula na mazoea katika miji ya Mlima Kenya

Afya ya ngozi katika Nyeri, Karatina na Nanyuki hutegemea mlo na mazoea, lakini mwinuko nao una usemi. Nanyuki, mji wa ikweta, uko karibu mita 1,900 juu ya bahari; mionzi ya jua huko ni mikali hata siku ya baridi, na mawingu hayaizuii yote. Mwezi wa Julai, baridi na maji ya moto ya kuoga huondoa mafuta ya ngozi, visigino vikapasuka. Mafuta ya kawaida ya mgando, yakipakwa ngozi ingali na unyevu, hutosha. Krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku Kenya.

Githeri huleta protini. Terere, managu na karoti huleta vitamini A. Mtoto mwenye unyafuzi hubabuka ngozi. Soda na vitamu vingine vinahusishwa na chunusi, ilhali kunywa maji mengi, pamoja na sifa zake zote, hakuziponyi. Sigara huleta makunyanzi mapema.

Funza, kero ya miaka mingi Kenya ya kati, hawatokani na mlo: huingia miguuni kutoka sakafu za vumbi, na kinga yake ni viatu na usafi wa nyumba.