Seiko 5 Sports: Saa iliyowagawanya wapenzi wa SKX

NI nadra kwa saa ya bei ya takriban dola 200 za Marekani kuombolezwa inapoondolewa sokoni. Hata hivyo, hivyo ndivyo ilivyokuwa mnamo 2019, kampuni ya Seiko ya Japani ilipozindua toleo jipya la Seiko 5 Sports lenye umbo la SKX007, saa ya wapiga mbizi iliyokuwa madukani tangu 1996.

Kwa macho, saa hizo mbili ni kama shilingi kwa ya pili. Kasha ni lilelile la upana wa milimita 42 na ushei, pete ya nje ya kuhesabia dakika ni ileile, na kitufe cha kutilia ufunguo kimekaa palepale penye nambari nne. Tofauti zimo ndani, nazo ndizo zilizozua mjadala ambao haujaisha miongoni mwa wapenzi wa saa kote duniani.

Ili kuuelewa mjadala huo, ni muhimu kufahamu zilikotoka saa hizi mbili.

Asili yake

Kampuni ya Seiko ilianzishwa na Kintaro Hattori jijini Tokyo mnamo 1881. Mwaka wa 1963 ilitoa saa iliyoitwa Sportsmatic 5. Nambari hiyo tano iliwakilisha ahadi tano kwa mnunuzi: saa ijitie ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ionyeshe siku na tarehe katika dirisha moja, istahimili maji, kitufe chake kifichwe penye nambari nne, na kasha pamoja na mkanda wake viwe imara.

Miaka miwili baadaye, mnamo 1965, kampuni hiyo ilitoa saa ya kwanza ya Kijapani ya wapiga mbizi, iliyostahimili kina cha mita 150. Koo hizo mbili, Seiko 5 na saa za mbizi, ziliendelea sambamba kwa miongo kadhaa. SKX007 ilikuwa ya ukoo wa pili.

Sifa ya SKX ilitokana na kazi yake. Maneno yaliyoandikwa usoni mwake kwamba ni saa ya mpiga mbizi ya mita 200 hayakuwa pambo. Saa huruhusiwa kubeba jina hilo ikiwa tu imetimiza kiwango cha kimataifa cha ISO 6425.

Kiwango hicho hudai kwamba kila saa, wala si sampuli chache tu, ipimwe katika maji yenye shinikizo linalozidi kwa asilimia 25 lile lililotajwa usoni. Hivyo, saa ya mita 200 hupimwa kana kwamba iko mita 250. Aidha, sharti isomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25, na istahimili sumaku, maji ya chumvi na mishtuko.

Kitufe cha SKX kilifungwa kwa parafujo, na kifuniko chake cha nyuma kilikuwa cha chuma kitupu kilichochorwa wimbi. Yeyote aliyetaka saa ya kweli ya mbizi bila kuuza shamba aliipata hapo.

Kilichoongezwa, kilichopunguzwa

Si kwamba SKX haikuwa na kasoro. Mtambo wake, uliojulikana kama 7S26, haukuweza kutiwa ufunguo kwa mkono. Saa ikilala sandukuni siku mbili ilisimama, na mwenyewe hakuwa na budi kuitikisa ili iamke. Isitoshe, akrabu ya sekunde haikusimama kitufe kilipovutwa, kwa hivyo ilikuwa vigumu kuilinganisha barabara na mlio wa saa redioni.

Toleo la 2019 liliondoa dosari hizo zote mbili. Mtambo wake wa 4R36, wenye vito 24 na akiba ya mwendo wa saa 41, hutiwa ufunguo kwa mkono, na akrabu ya sekunde husimama. Kifuniko cha nyuma nacho katika matoleo mengi ni cha kioo, hivi kwamba mwenye saa huweza kuona gurudumu la mizani likipiga.

Lakini ustahimilivu wa maji ulipunguzwa kutoka mita 200 hadi 100. Kitufe hakifungwi tena kwa parafujo bali husukumwa tu mahali pake. Jina la mpiga mbizi likafutwa usoni, na mahali pake pakawekwa nembo mpya ya nambari tano. Hata hivyo, pete ya kuhesabia dakika za kukaa chini ya maji ilibakishwa.

Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia.

Kambi mbili

Kambi ya kwanza ilisema Seiko imethibitisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa maoni yao, kampuni ilitwaa sura iliyopendwa na kuinyima uwezo ulioifanya ipendwe. Pete ya mpiga mbizi juu ya saa isiyo ya mbizi, walihoji, ni sawa na kuvaa gwanda la rubani ilhali hujui kurusha ndege.

Jambo lililowaudhi zaidi ni bei. Toleo jipya lilianza likiuzwa ghali kuliko SKX ilivyokuwa ikipatikana madukani katika miaka yake ya mwisho. Aliyetaka saa ya kweli ya mbizi ya Seiko yenye mtambo wa kimakanika sasa alielekezwa kwa kundi la Prospex, ambako bei hupanda zaidi. Kwa ufupi, mlango wa maskini ulikuwa umefungwa.

Kambi ya pili ilijibu kwamba wengi wa waliokuwa wakilia hawakuwahi kupiga mbizi hata siku moja. Wapiga mbizi wa leo hutegemea kompyuta ndogo za mkononi zinazopima kina na muda. Kwa mfanyakazi wa ofisini anayeogelea Jumamosi, kambi hiyo ilisema, mita 100 zinatosha na kubaki, ilhali mtambo unaotiwa ufunguo kwa mkono humfaa kila siku ya juma.

Kuna pia kundi la tatu ambalo halikubishana bali lilishika bisibisi. SKX ilikuwa imezaa utamaduni wa watu kubadilisha sehemu za saa zao wenyewe: uso, akrabu, pete na kioo. Kwa kuwa vipimo vya toleo jipya vinakaribiana mno na vya lile la zamani, sehemu nyingi zilioana, na mafundi hao waliendelea na kazi bila kupoteza muda katika maombolezo.

Wakati huohuo, SKX zilizosalia zilianza kutafutwa kama lulu na bei zake zikapanda. Anayeitafuta leo anapaswa kuwa macho, kwani penye urembo ndipo penye urimbo. Baadhi ya zinazouzwa zimeundwa kwa vipande visivyotoka katika kiwanda cha Seiko, na saa iliyofunguliwa na fundi asiyeweza kuipima upya haina tena dhamana ya mita 200, hata kama uso wake unasema hivyo.

Maana ya mita 100

Mjadala huu una funzo hata kwa asiyejali majina ya saa. Wengi hudhani saa iliyoandikwa mita 30 inaweza kuzamishwa hadi kina hicho. La hasha. Nambari hiyo hutaja shinikizo katika jaribio la maji yaliyotulia, na kwa saa za kawaida kiwango cha ISO 22810 huruhusu kupima sampuli tu badala ya kila saa.

Kwa kawaida, saa ya mita 30 hustahimili mvua na kunawa mikono. Saa ya mita 100 hufaa kuogelea. Anayeshuka baharini na mtungi wa hewa anahitaji iliyopimwa kwa kiwango cha wapiga mbizi. Vilevile, mipira inayozibia kasha na kitufe huchakaa kadiri miaka inavyosonga, hivyo saa kuukuu haifai kuaminiwa majini kabla ya kupimwa.

Seiko yenyewe haikurudi nyuma. Mnamo 2022 iliongeza toleo lenye akrabu ya nne inayoonyesha saa za nchi nyingine, na mnamo 2023 ikatoa lenye kasha dogo la milimita 38. Matoleo hayo yalipokelewa kwa shangwe na hata baadhi ya waliokuwa wakinung'unika hapo awali, ingawa ustahimilivu wa maji ulibaki mita 100.

Huenda hilo likaonekana kama ushindi wa kampuni. Lakini dai la kambi ya kwanza halijajibiwa. Hawakuwa wakililia mita 100 walizopoteza, kwani wengi hawakuzitumia. Walililia uhakika wa kwamba kifaa cha bei nafuu kinaweza kufanya, pasipo kupunguza hata chembe, kazi ambayo sura yake inaahidi.

Kwa mnunuzi, uamuzi ni rahisi iwapo atajiuliza kwanza saa itamfanyia kazi gani. Anayetaka saa imara ya kila siku, isiyohitaji betri, hatajutia toleo jipya. Anayekwenda kuzama atafute iliyoandikwa hivyo usoni, kisha ampelekee fundi mwenye chombo cha kupimia.