Nani Aliandika Jina la Wimbo? Kutoka CD Bubu Hadi Tagi za FLAC

Miaka ya 1990, ukichomeka kwenye kompyuta CD halali kabisa, uliyoinunua dukani kwa hela yako, kitu cha kwanza ulichokutana nacho ni maneno matupu: Track 01, Track 02, Track 03. Msanii? Unknown Artist. Hata kama gamba lake lina picha ya bendi nzima na majina ya wapiga magita wote, kompyuta haijui kitu. Wengi walidhani kompyuta ndiyo mbovu. Kumbe CD yenyewe ilikuwa bubu.

Philips na Sony walipokubaliana vipimo vya CD mwaka 1980, na diski za kwanza zikaingia sokoni Japani mwaka 1982, kilichowekwa mle ndani kilikuwa sauti: sampuli 44,100 kwa kila sekunde, biti 16 kila moja, kulia na kushoto. Mwanzoni mwa diski likawekwa jedwali dogo la kuonyesha wimbo upi unaanzia wapi. Basi. Jina la wimbo halikupewa nafasi. Na ukifikiria vizuri, hawakuwa wajinga. Deki ya sebuleni ilikuwa na kioo cha kuonyesha namba tu, na majina yote yalikuwa kwenye karatasi.

Ilikuwa hivyo tangu enzi za santuri. Wale waimbaji wa taarabu waliotoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, kazi yao ilirudi ikiwa imebandikwa karatasi ya duara katikati. Sauti na jina vilishikana kwa gundi. Kompyuta ilipoanza kunyonya sauti kutoka kwenye CD na kuacha karatasi mezani, gundi ndiyo ikaachia hapo.

CD-Text, mtindo wa kuandika majina ndani ya CD yenyewe, ulikuja mwaka 1996. Haukushika sana. Kufikia hapo watu wa kawaida walikuwa wameshaanza kujitibu wenyewe, na hiki ndicho kipande kitamu cha historia hii.

Mwaka 1993 jamaa mmoja kule Marekani alikuwa na programu yake ya kuchezea CD kwenye kompyuta za Unix, inaitwa xmcd. Akaligeukia lile jedwali la mwanzo wa diski. Aliona kwamba nyimbo 10 zenye urefu tofauti tofauti, zikipangwa kwa mfuatano fulani, hutoa alama yake kama dole gumba. Programu ikafanya hesabu, ikatoa namba fupi ya herufi 8, na mwenye CD akaandika majina mara moja tu. Siku akiirudisha ile CD, programu inaitambua na majina yanatokea.

Halafu watu wakaanza kumtumia orodha zao kwa barua pepe. Mwanafunzi huku, mhandisi kule, kila mtu na CD zake. Yeye na wenzake wakaweka seva kwenye intaneti, na CDDB ikazaliwa. Ukichomeka CD, kompyuta inauliza seva, seva inajibu. Kama seva haijui, unaandika wewe, unatuma, na mtu wa kesho anakuta kazi imekwisha. Hakuna aliyelipwa senti.

Mfumo ulikuwa na kasoro zake. Ile namba ya herufi 8 ilikuwa fupi mno, kwa hiyo CD mbili zisizohusiana kabisa ziliweza kugongana, ukaweka kwaya ukaletewa majina ya bendi ya rock. Makapu ya aina za muziki nayo yalikuwa 11 tu. Reggae ilikuwa na lake, country ilikuwa na lake, jazz na blues hali kadhalika. Sasa rumba ya Kinshasa, benga ya Kisumu na taarabu ya Unguja ziende wapi? Folk, au kapu la misc, yaani mengineyo. Na aliyetangulia kuandika ndiye aliyebatiza. Akikosea herufi moja ya jina la mwimbaji, kosa lake linashuka kwenye kompyuta ya kila mwenye diski ile mpaka atokee mtu wa kulisahihisha.

Kisha kasheshe. Mwaka 1998 CDDB iliuzwa kwa kampuni. Mwaka 2000 ikapewa jina jipya, Gracenote, na mwaka 2001 programu zisizo na leseni ya kampuni zikafungiwa mlango. Wale waliokesha wakichapa majina bure wakabaki wameduwaa: kazi ni yao, ghala si lao. Kampuni nayo ilikuwa na hoja, kwamba seva zinazoulizwa na dunia nzima zinakula hela na lazima mtu alipe bili. Lakini hoja hiyo haikufuta uchungu. Mwaka 2008 Sony iliinunua Gracenote kwa dola milioni 260 hivi. Waliochapa orodha zile hawakuwa kwenye mgao.

Hasira hizo zilizaa vitu viwili. Kimoja ni freedb, ghala huru lililoanza na orodha zilezile za zamani na kudumu hadi 2020. Kingine ni MusicBrainz, ambayo ipo hadi leo chini ya taasisi isiyo ya faida, na data zake za msingi zimewekwa wazi kwa yeyote. Somo la mauzo yale lilikuwa limeingia kichwani.

Wakati haya yanaendelea, upande wa MP3 kulikuwa na hadithi yake. MP3 nayo ilizaliwa bila jina. Mwaka 1996 mwandishi mmoja wa programu akaja na ujanja wa kubandika kibandiko mwishoni mwa faili. Alikiweka mwishoni ili programu zisizokijua zisikwame kabla wimbo haujapigwa. Kibandiko kilikuwa na baiti 128, hakizidi, hakipungui. Herufi 3 za kusema TAG, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti 1 ya aina ya muziki. Hiyo ndiyo ID3. Namba ya wimbo ilisahaulika kabisa, na mwaka 1997 mtu mwingine akaiibia nafasi kwenye zile 30 za maelezo.

Herufi 30 zinatosha ukiwa bendi ya Ulaya yenye jina la neno moja. Sasa chukua bendi ya dansi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1980, International Orchestra Safari Sound. Hesabu taratibu, na nafasi kati ya maneno uzihesabu: 36. Kisu cha ID3 kinapita baada ya herufi ya 30, na kinachobaki ni International Orchestra Safari. Kilichokatwa ni neno Sound. Bendi ya muziki, faili la muziki, na kinachotupwa ni neno lenye maana ya sauti.

Ile baiti moja ya aina ya muziki ilikuwa kichekesho kingine. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka ilikuwemo. Gangsta ilikuwemo. Hata Pranks, yaani mizaha ya kuchezea watu, ilipewa namba yake. Rumba haikuwemo, taarabu haikuwemo. Mwanamuziki wa huku alichagua kati ya Ethnic, Tribal na Other. ID3 ya pili ilikuja mwaka 1998 na kuondoa ubahili wa nafasi, ila ilikuja na ugumu wake, na mafaili ya MP3 yakaanza kutembea na vibandiko viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, ambavyo wakati mwingine havikubaliani.

Tatizo la MP3 lakini halikuwa jina peke yake. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na kilichotupwa hakirudi. Kwa simu na daladala hakuna neno. Kwa mtu anayetoa sauti kwenye mkanda wa zamani unaopukutika, mkanda ambao huenda hautakubali kuzungushwa mara ya pili, kutupa hata chembe ni dhambi.

FLAC iliingia kwa ajili ya watu kama hao. Ilianzwa mwaka 2000 na mwandishi mmoja wa programu wa Marekani, toleo la 1.0 likatoka Julai 2001, na Januari 2003 ikahamia chini ya Xiph.org, shirika la watu wanaoamini mifumo ya sauti isiwe na mwenyewe wa kudai ada. FLAC hubana faili hadi kiasi cha nusu au asilimia 70 ya ukubwa wake, na ukilifungua unapata biti zilezile, moja baada ya nyingine. Desemba 2024 mfumo wake ulichapishwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9639.

Kwa upande wa majina, FLAC haikubuni kitu kipya. Ilichukua mtindo wa ndugu yake Vorbis, ambao ni rahisi mpaka unachekesha: jina la nafasi, alama ya sawasawa, kisha maneno yenyewe. ARTIST=fulani. Hakuna herufi 30. Hakuna orodha ya aina 80; andika GENRE=Taarabu na hakuna wa kukuuliza. Maneno yanahifadhiwa kwa UTF-8, kwa hiyo herufi za Kiarabu zinakaa sawa, na ile ï yenye nukta mbili ya Maquis du Zaïre haigeuki madoadoa. Orodha ya nafasi zinazopendekezwa ni fupi, lakini ndani yake mna LOCATION, mahali wimbo uliporekodiwa, na PERFORMER iliyotenganishwa na ARTIST, na nafasi moja inaruhusiwa kurudiwa mara nyingi. Yaani kila mpigaji anaweza kupata mstari wake. Hata nafasi yenyewe unaweza kuibuni kwa Kiswahili: MPIGA SOLO, MPIGA BESI, MTUNZI. Programu nyingi za simu hazitaionyesha, lakini imo ndani ya faili.

Kifaa cha kuandikia majina hayo kinakuja na FLAC yenyewe, kinaitwa metaflac. Hakina vitufe wala picha. Unafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika:

metaflac --list wimbo.flac

na faili linajieleza lote. Kuweka jina:

metaflac --set-tag="ARTIST=International Orchestra Safari Sound" wimbo.flac

Neno Sound limerudi. Wanaoogopa dirisha jeusi hubonyeza kwa kipanya, wimbo mmoja mmoja, na kwa nyimbo 12 hakuna shida. Mwenye makabati ya kanda, nyimbo 600 za bendi moja zilizoandikwa jina kwa makosa yaleyale, ataipenda nyota ndogo inayomaanisha mafaili yote:

metaflac --remove-tag=ARTIST --set-tag="ARTIST=JUWATA Jazz Band" *.flac

Sauti haiguswi. Ndani ya FLAC majina yanakaa mbele, kwenye chumba chake, na nyuma yake huachwa eneo tupu, kwa kawaida baiti 8,192, kama nafasi ya ziada kwenye fomu. Ukiongeza maneno, yanaingia kwenye nafasi hiyo. Na mwanzoni kabisa mwa faili kuna alama ya MD5, iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti halisi kabla haijabanwa. Iangalie kabla ya kubadilisha majina na baada ya kubadilisha:

metaflac --show-md5sum wimbo.flac

Ni ileile.

Ila MD5 hiyo inalinda sauti tu. Jina halina mlinzi. Mtu akiweka jina la shemeji yake kwenye ARTIST, faili litapita kila kipimo likiwa na afya njema. Biti milioni mia kadhaa zimehakikiwa moja moja, na jibu la nani anaimba linategemea uaminifu wa aliyekaa mbele ya kibodi, sawa na enzi za CDDB.

Tena si kila kosa ni la uongo. Bendi moja ya Dar es Salaam ilianza ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Wimbo wa enzi za JUWATA uandikwe jina gani? Anayetaka nyimbo zote zikae pamoja kwenye simu ataandika Msondo kila mahali, na atakuwa ameufuta mwaka wenyewe. Njia ya heshima zaidi ni kuacha ARTIST ibaki jina la siku ya kurekodi, DATE ikae kando yake, na jina la leo liende kwenye nafasi nyingine. Inachukua muda. Inahitaji pia mzee mmoja aliyekuwepo aulizwe nani alipiga solo, maana ganda la kanda mara nyingi limeandika jina la kiongozi peke yake.

Na kuna mtego mdogo unaowanasa hata wazoefu. Amri ya --set-tag haifuti, inaongeza. Ukisahau --remove-tag, jina jipya linakaa kando ya lile bovu, yote mawili yakiitwa ARTIST. Simu moja itaonyesha la kwanza, nyingine itayaunganisha, na mwenye faili ataapa kwamba alisharekebisha. Ndiyo maana ukimaliza unaandika --list tena na kusoma mstari kwa mstari, hata kama mafaili ni 600 na chai imeshapoa.